Robo Mzunguko

Msimu uliopita ukuta wa ghala ulitunga mimba.
Magunia ya korosho yaliuegemea kwa ndani,
ukatoka tumbo kuelekea barabara ya Newala,
ukajifungua usiku, kimya,
asubuhi tukazikuta korosho hadi mtaroni.

Mimi karani wa mizani, hapa Tandahimba.
Najua uzito. Ukuta siujui.

Akaja fundi Somoe Nampunju
na nondo nne, bamba za chuma, nati,
na spana ndefu kama mkono wake.
Alinunua maji pipa zima, kwa bei ya huku juu,
hakumwaga tone.
Akapanga matofali, tundu juu ya tundu,
akapitisha nondo kama mtunga shanga,
akasubiri siku zikauke,
kisha akakaza.

"Mbona mzigo bado?"
"Ndiyo maana nakaza sasa."

Tofali, alisema, halina ugomvi na kubanwa.
Libane, litakuzika.
Livute kidogo tu, linaachia.
Na ukuta ukipinda, uso mmoja unabanwa,
wa pili unavutwa; huko ndiko unakofia.
Basi uwekee akiba ya mbano.
Mvuto ukija utaanza kuila akiba,
na mpaka uimalize
gunia limeshauzwa.

Sikuamini. Akatuita wanaume wanane
tukaulaza ule ukuta wa majaribio
juu ya magogo mawili, kama kitanda.
Ukuta! Umelala! Haujavunjika mikononi!
Tukaanza kuupakia, mimi nikisoma:
themanini na moja.
Themanini.
Sabini na tisa na nusu.
Gunia la saba, Mshamu Lipende akaruka pembeni:
chini, kwenye kiungo cha katikati,
ufa umefunguka, mwembamba kama unywele.

Somoe alichuchumaa, akauchungulia,
kama mtu anayesoma barua aliyoitarajia.
"Shusheni."

Tukashusha. La saba, la sita, la tano.
Ufa ukafumba.
Nilipitisha ukucha pale pale, mara mbili.
Sikuupata.

Ghala sasa limesimama. Spana ameniachia,
inaning'inia msumarini kando ya mizani.
Chuma hulegea, alisema, na tofali hunywea,
polepole, bila kumwambia mtu;
masika yakipita, pita na wewe.

Kwa hiyo katika kitabu changu, mwezi wa sita,
kati ya mpokeaji na mkulima,
kuna mstari huu:
nati ya tano, robo mzunguko.
Safu ya kilo nimeiacha wazi.