Usipige Msasa Hapo

Mama Holo aliuleta Jumatatu,
umefungwa kitenge kama mtoto mwenye homa.
Akaulaza juu ya benchi langu, hapa Igoma,
kati ya kopo la gundi na redio isiyo na kifuniko cha betri.
"Wa marehemu," akasema. "Wa zamu za sungusungu.
Unakauka. Usiku unalia ukutani."

Nikaugonga kwa ukucha: mkole,
haukupitia randa huu, ulichongwa kwa panga
ukalainishwa kwa kipande cha chupa.
Na mishale saba. Minne ya matete ya Kayenze,
mitatu ya mti nisioujua.

Nikachukua msasa. Akanishika kifundo cha mkono.
"Kote piga. Hapo usipige."

Hapo ni pale kiganja kilipokaa
miaka ishirini na sita:
weusi unaong'aa, mafuta ya mtu,
jasho, tumbaku, moshi wa kukesha
wakisubiri wezi wa ng'ombe ambao mara nyingi hawakuja.

Nimejaribu mengi, sikufichi.
Mwaka juzi nilipaka mafuta ya mbegu za pamba
kwa kuwa yalikuwa rahisi.
Hayakukauka. Pinde zikanuka chapati,
panya wakaguguna ncha mbili.
Vanishi ya dukani nayo hupendeza kama bibi harusi
mpaka uvute ugwe: ka! ka! ka!
hupasuka tumboni,
maana vanishi haijui kuinama.

Basi ni mafuta ya kitani, yaliyochemshwa,
tapentaini kidogo,
nta ya Sengerema ambayo bado ina bawa la nyuki.
Kipande cha fulana kuukuu.
Paka, subiri, futa. Kesho tena.
Tabaka jembamba kama aibu ya mgeni,
kisha jingine, kisha jingine,
mpaka tone la maji likianguka juu yake
lisimame, lijiulize, liondoke.

Mishale ina masharti yake.
Vifundo vya tete hunywa mara mbili.
Nyoya halipakwi kabisa;
nyoya likilowa mafuta
halimkumbuki tena kanga.

Ijumaa jioni ziwa likatoa moshi usio moshi,
nguzo kwa nguzo: visubi.
Wakavuka mawe, wakavuka mabati,
wakaifuata taa yangu.
Nilizima, nimechelewa.
Mishale saba kwenye kamba ya nguo, mibichi bado,
ilikuwa imeota manyoya mengine.
Nikakesha nikiwabandua kwa njiti ya kiberiti,
mmoja mmoja, nikitukana kwa sauti ya chini
kwa kuwa jirani ni mlokole.
Mmoja akabaki chini ya nta, mbawa wazi.
Kumtoa ni kuanza upya. Nikamwacha.

Jumanne akarudi.
Hakutazama mng'ao. Aliweka mkono pale pale,
kiganja chake kidogo kikapotea ndani ya ule weusi.
Nikaungama: "Hapo pia nimepaka.
Kwa kidole, si kwa kitambaa. Sikusugua.
Unyevu wa ziwa ungeingilia hapo."

Akainama akanusa.
Akanyamaza muda wa redio kumaliza matangazo ya vifo.
"Ananuka duka," akasema.
Kisha: "Atazoea."

Akauona mshale wenye kisubi.
"Na huyu?"
"Alikuja mwenyewe."
Akacheka, mara ya kwanza,
akautia wa mbele ndani ya podo.

Nilisema elfu kumi na tano,
akatoa kumi na mbili na dagaa wa kukaanga.
"Usiufunge ugwe," nikamwambia. "Uache upumzike."
"Mwenyewe hakupumzika," akajibu,
akaenda kusubiri gari la Kisesa
upinde ukiwa begani, kitenge kiunoni.

Siku tatu kidole changu kilinuka kitani,
na kitu kingine chini ya kitani.
Sabuni haikukitoa.
Nami sikusugua sana.