Kigoda cha Jumanne

Miaka thelathini na minane nimepanga barua
katika posta ya Iisalmi:
huku za kaskazini, huku za mjini,
huku zisizo na mwenyewe.
Mkono wangu waijua karatasi. Ubao, hapana.

Basi mwezi uliofuata kustaafu kwangu,
Jumanne, saa kumi na mbili jioni,
nje giza limeshatanda tangu saa tisa,
nikashuka ngazi za shule ya msingi
hadi chumba cha chini
chenye harufu ya gundi na soksi mbichi.

Mwalimu ni Maarika. Umri wake nusu ya wangu,
kidole chake cha shahada hakina pingili ya mwisho.
Hakutuambia imekwenda wapi.
Aliuendea tu msumeno wa mashine,
akachomoa waya wake ukutani, akasema:
"Huyu tutamwamkia baada ya Pasaka."

Juma la kwanza hatukuunda kitu. Tulinoa.
Patasi juu ya kinoo, maji, mbele, nyuma,
hata ikanyoa vinyweleo mkononi mwangu
nikarudi nyumbani na kipara
cha ukubwa wa stempu.
Nikamwonyesha paka, maana ndiye aliyekuwepo.

Juma la pili, kupiga randa.
Nilisukuma kama asukumaye gari bovu,
nyuzi za msonobari ziking'oka mapande mapande.
"Unampapasa mnyama kinyume cha manyoya," alisema,
akaugeuza ubao, kichwa kikawa mkia,
na randa ile ile ikatoa utepe mmoja,
mrefu, mwembamba,
ungeweza kusoma gazeti kwa nyuma yake.
Niliutia mfukoni kama mwizi.

Udongo uwahi uli maji, husemwa.
Wangu ulikauka zamani, una nyufa.
Lakini jioni ile Maarika alikuwa akimweleza Eelis,
kijana wa miaka kumi na tisa, mwenye pupa,
kwamba ubao mbichi haufai kitu:
leo umenyooka, kesho umepinda;
asubiri ukauke.
Sikusema neno.
Nilinyoosha mgongo kidogo, basi.

Kisha kigoda.
Miguu minne, sentimita arobaini na tano.
Ulimi mmoja ulilegea ndani ya tundu lake,
nikaukaza kwa kabari, na gundi, na tusi moja.
Nikakisimamisha. Kikacheza.
Nikakata mguu huu. Kikachezea upande ule.
Nikakata ule.
Kettunen, daktari wa meno,
mwenye kasha la saa asilolimaliza mwaka wa tatu huu,
alinitazama akasema na meno huchongwa vivyo hivyo,
"ndiyo maana wengine hurudi."
Arobaini na moja. Thelathini na sita.
Machi ilipoingia: ishirini na tisa,
na bado kinatikisa kichwa
kama mtoto anayekataa dawa.
Maarika akaninyang'anya msumeno, taratibu,
kama mtu anyang'anywavyo funguo za gari.
"Kimekwisha," alisema.
Sikujua kama ni sifa au msiba.

Kaka yangu Ensio hakuuliza kitu.
Alikitazama, akakitia kwapani, tukashuka ziwani,
barafu ingali nene shubiri mbili.
Akatoboa tundu kwa kekee yake ndefu,
akakiweka kigoda thelujini, akaketi.
Miguu ikazama, kila mmoja kwa kina chake,
mfupi kidogo, mrefu zaidi,
hata kikatulia
kama kwamba kimeota pale pale.

Saa nzima hatukusemezana.
Akavua samaki watatu, wadogo, wenye mistari.
Halafu, bila kugeuka:
"Kimo chake barabara. Ulijuaje?"

Nilikuwa nimeshafungua kinywa niseme kweli.
Samaki wa nne akavuta uzi.