Dokezo kwa Semhando

Meza yake na yangu, hatua nne.
Nimezihesabu miaka sita
bila kuzivuka.

Masijala ya ardhi, Tanga mjini, ghorofa ya chini.
Feni inazunguka kwa kusitasita kama shahidi wa uongo,
na Chande tarishi anachukua karatasi kwangu
anaipeleka kwa Semhando
ambaye angenyoosha mkono tu akaipata.
"Mtaniua kwa safari," husema Chande,
"safari zenyewe hazina posho."

Yalianza na jalada moja, la kiwanja cha Chumbageni,
rangi ya kaki, uzi wa kijani.
Likapotea. Semhando akamwandikia mkuu,
kwa ule mwandiko wake wa mlalo:
*Mara ya mwisho lilionekana mezani kwa Bi Mwanakombo.*
Mwanakombo ndiye mimi.
Nilikatwa mshahara miezi mitatu.
Mwanangu akarudishwa nyumbani kwa ada,
na ule mstari nikaumeza mzima. Haukuyeyuka.

Wanasema vikombe vya kabati moja havikosi kugongana.
Sisi tuligongana mara moja,
kisha kila kimoja kikageukia ukuta.

Nami sikuwa malaika. Niandike yote, maana hili ni dokezo:
fomu yake ya likizo niliikalia wiki mbili
hadi arusi ya mdogo wake kule Muheza ikapita.
Alipokuwa akimuuguza mkewe Bombo, ofisi nzima ilikwenda;
mimi nilitoa mchango, nikaomba jina lisiandikwe,
na haukuwa unyenyekevu.

Jumanne walikuja wapaka rangi.
Wakalisukuma lile kabati la chuma.
Nyuma yake: mende wakavu, rula,
kalenda ya mwaka ambao sote tumeusahau,
na kaki, na uzi wa kijani.
Liliteleza lenyewe. Hakuna aliyeliiba,
hakuna aliyelificha.

Mpaka rangi akabaki na brashi hewani.
Semhando akalipangusa vumbi kwa mkono wa shati lake jeupe,
akafungua, akaandika,
kisha (Chande ameshanyoosha mkono kupokea)
akampita.
Hatua nne.

*Bi Mwanakombo, nilikosea. Naomba maelekezo yako.*

Nikashika kalamu. *Lifungwe.*
Nikalikata.
Mtu wa masijala anajua: jalada likifungwa halifi,
linakaa rafuni miaka yake, ukilitaka unalipata.
Miezi ile mitatu ipo. Arusi ya Muheza ipo.
Chini ya neno lililokatwa nikaandika:
*Nimeona. Nami ninalo langu. Tuzungumze.*

Tukasahau kuzungumza.
Alivuta kiti, magurudumu yakalia,
na Chande, amekosa kazi,
akaenda kununua bajia,
akarudi na kifurushi kimoja, kwa makusudi.
Tukala humo humo, mikono ikipishana,
rangi mbichi ikitukereketa koo,
kila mtu akimwachia mwenzake ile ya mwisho,
chukua wewe, hapana, chukua wewe,
hadi Chande akaichukua.
Posho yake.