Poda Sakafuni

Watu wa magazeti huniuliza sauti yako ilitoka wapi, Rhoda.
Mimi ni nduguyo, mwoka mikate wa hapa Leigh,
huwajibu: ilitoka kwenye kopo la poda.

Wiki nzima Mama alifunga nyuzi kiwandani,
masikio yakiliwa na mitambo.
Jumamosi alinyunyiza poda jikoni, ile ya watoto wachanga,
viatu viteleze,
akaweka santuri za watu wa Detroit
ambao hata kwao hawakuvuma,
akazunguka, akarusha teke, akaanguka chali,
akawa amesimama kabla ngoma haijarudi.

Wewe chini ya meza, miaka minne,
uliiga kila kitu, hata mkwaruzo wa sindano:
nirudie, tk, nirudie, tk.
Mpaka leo kuna mahali unasita kabla ya neno.
Wajuzi wanasema ni ufundi wa pumzi.
Ni kovu la santuri.

Albamu ya kwanza: tarumbeta tatu, gauni la kijani.
Nilikusikia redioni saa kumi alfajiri,
nikaunguza trei mbili za pai
na sikujali.

Ya pili walikupeleka London, wakakuvika mashine.
Sauti ikapigwa pasi hadi haina kunyanzi.
Iliuzwa kuliko mikate yangu ya maisha yote.
Mama aliisikiliza mara moja, akavua miwani:
"Anaimba vizuri binti huyu. Ni nani?"
Nilikosea kukusimulia. Hukupiga simu hadi Pasaka.

Halafu ukaja, bila suti yoyote ya meneja,
na vinasa sauti viwili ndani ya mfuko wa sokoni.
Ukasema, Mama, cheza.
Akasema, nyonga yangu ni ya chuma siku hizi.
Ukasema, basi tembea.

Ndiyo maana wimbo ule mpya hauna ngoma.
Kuna kinanda, kuna wewe, umeshuka chini kabisa
mahali sauti inapokwaruza bila aibu,
na huko nyuma kitu kinachofanya shh, shh, kikichelewa kidogo.
Mmoja aliandika kwamba ni upepo wa kaskazini.
Ni ndara za Mama kwenye poda.
Niliinyunyiza mimi.

Kwenye jalada mmeandika: Miguu, Beryl Fairhurst.
Nimemsomea mara mbili, sikio la kushoto.
Anauliza kama wanalipa kwa saa.