Kikombe cha Pili

Marehemu baba alikuwa na sheria moja ya kazi:
usitoe kalamu kabla ya kikombe cha pili.
Angeingia jikoni kwa wafiwa, akae kiti kibovu kuliko vyote,
anywe chai, aulizie paa, ng'ombe, magoti,
na jina la aliyekufa lingekuja lenyewe
kama paka anayemjua asiyemwita.

Mimi ninatuma kiungo.

Cape Breton, Februari. Theluji imefunga barabara ya bandarini,
na katapila lililokuja kutukwamua limekwama nalo.
Kwangu ni saa moja usiku.
Kwa Catriona, kule Perth, ni saa moja asubuhi, tena ya kesho:
yumo tayari ndani ya siku
ambayo baba yake hakuifikia.
Lauchie yuko Alberta, kwenye mafuta. Hajawasha kamera.
Ni herufi L tu ndani ya duara la kijani.
Na shangazi yao Murdena, nyumba sita kutoka hapa,
ni paji la uso, taa ya dari,
na sauti inayouliza kama tunamwona.

"Umekishika juu chini, shangazi."
Akakigeuza. Tukaiona dari vizuri zaidi.

Nilikwenda semina Halifax, siku mbili,
kufundishwa kuonyesha majeneza kwenye skrini
taratibu, bila kutanguliza la bei kubwa.
Mwaloni. Msonobari. Bei chini, kwa herufi ndogo.
Catriona akasema kitu, midomo ikaenda,
ikaendelea, akajifuta macho kwa mkono wa sweta,
sisi tumetulia tuli,
mpaka nikalazimika kumwambia, mimi, mtu baki:
samahani, sauti yako imezimwa.
Hakuna namna ya heshima ya kulisema hilo.
Nimeitafuta miaka minne.
Akaanza upya. Kilio cha pili kilikuwa kifupi,
kimepigwa pasi.

Suti? Ya kijivu, ile ya harusi ya Catriona.
Viatu?
"Viatu vya nini," akasema Murdena, "anakwenda wapi?"
Ibada Jumamosi. Kaburi litangoja ardhi iyeyuke.

Kisha ile herufi ikasema:
"Kovu lake. La mkono wa kulia. Bado lipo?"

Wachimba makaa ya mawe wana makovu ya buluu;
vumbi huingia kwenye jeraha, ngozi ikafunga mlango.
Nikasema lipo.
"Nionyeshe."

Semina haikufika hapo.
Nikamuuliza Catriona: akasema, mimi nitageuka.
Nikamuuliza Murdena: akasema, mkono huo ulinifunga kamba za viatu
mpaka nikaanza shule, uonyeshe.
Nikashuka ngazi kumi na moja na kishikwambi kifuani,
alama za mtandao zikipungua, tatu, mbili,
nikalikunja shuka hadi kwenye kiwiko, basi.
Lile pale. Chini ya kidole gumba, mfano wa koma.

Duara la kijani likatoweka.
Alikuwa mtu mzima mwenye ndevu, ndani ya gari,
kofia ya kazi bado kichwani,
akauleta mkono wake karibu na kamera
mpaka ukajaa kioo kizima.
Mtandao ukaganda hapohapo.
Vidole vitano, ukungu kwenye dirisha la nyuma.
Sikujua kama ni yeye aliyetulia au ni theluji yetu,
nikabaki nimeinama kati ya mikono miwili,
mgongo ukiniuma.

Baadaye tukapanga maua, tukapanga nani asome.
Wakaaga. Murdena alibonyeza kila kitu ila kile kitufe,
halafu akazima taa, ikawa ndiyo kwaheri yake.

Catriona alisahau kukata.
Niliona jiko tupu, jua kali la kesho kwenye vigae,
nikasikia maji yakijaa birika,
kabati, kijiko.
Hakujua nipo.
Nilizima kamera yangu, nikazima sauti,
nikaiweka kalamu mezani
na sikukata.