Risiti kwa Mpangaji wa Namba Saba

Bwana Gawroński, umesahau mjusi.

Umechukua pasi, umechukua redio,
umeng'oa hata misumari ya pazia,
ukaacha kasha la kioo nyuma ya mlango
na ndani yake kitu nilichodhani ni soksi
mpaka soksi ikafumbua jicho.

Mimi ni mtunza jengo. Kazi yangu ni ngazi,
chumvi juu ya barafu, balbu, funguo.
Mkataba wangu hautaji mijusi.
Lakini Januari ya Bydgoszcz haisomi mikataba,
na dirisha lako lilikuwa na ufa.

Nilimtia kifuani, chini ya sweta mbili,
pamoja na chupa ya maji moto
niliyoivika soksi ya marehemu Zenon.
Nikapiga simu. Daktari wa kwanza: mbwa na paka tu.
Wa pili akacheka, akauliza kama nafuga na mamba.
Wa tatu akasema, mama, kwa bei hiyo utapata wapya wanne.
Nikamwambia sikuuliza bei ya wapya.

Basi, Toruń. Treni ya saa moja na robo asubuhi.
Kijana mmoja aliona mkia ukichungulia kolani mwangu
akahamia behewa jingine.
Kila kituo nilipenyeza kidole: yupo?
Yupo.

Daktari anaitwa Jagoda, kucha fupi, kikohozi cha mvuta sigara.
Kabla ya kumgusa aliipasha mikono yake
chini ya bomba la maji moto.
Nilipoliona hilo nikavua kofia.

Mizani ya jikoni: gramu mia moja na tisini.
Alipaswa kuwa mara mbili ya hapo.
Taya lake, akasema, gusa. Nikagusa.
Lilibonyea kama kifutio cha mtoto wa shule.
Mwili usioona jua, akasema,
huuza chokaa ya mifupa yake kidogo kidogo
kulipa deni la damu.
Kwenye eksirei karibu hakuwepo:
moshi wenye miguu minne.
Ngozi kuukuu ilimng'ang'ania vidoleni, pete juu ya pete,
kidole kimoja kimeshakufa, cheusi kama karafuu.
Wasemao kujivua gamba ni jambo jepesi
hawajamwona huyu.

Kwa hiyo andika, Bwana Gawroński:
maji ya sindano, zloti arobaini.
Picha, mia na ishirini.
Kidole, mia na themanini, pamoja na usingizi.
Matone ya chokaa, thelathini na tano.
Taa, mia na tisini, ndiyo iliyoniuma.
Tiketi arobaini na sita; yeye alisafiri bure.
Jumla mia sita na kumi na moja.

Fomu ilitaka jina lake. Sikulijua.
Nikaandika la kwangu, Pelagia,
na kumbe yeye ni dume.

Usiku ule nilikaa kukuandikia haya
na maneno mengine niliyoyafuta.
Kisha nikalipindua kasha ili nilisugue.
Chini yake, kwa gundi, karatasi. Penseli. Mwandiko wako:
tarehe, nyenje wangapi, majani gani,
amejisaidia, hajajisaidia.
Kila siku, miezi kumi na minne,
mpaka tarehe tisa Novemba.

Naijua tarehe tisa Novemba.
Ndiyo siku waliyokukatia umeme.
Ilani niliipenyeza mimi chini ya mlango wako;
nikakusikia ukikohoa,
nikaendelea kufagia.

Sasa risiti hii sijui niielekeze wapi.
Anwani hukuacha.

Leo ni siku ya kumi na moja. Taa inawaka dirishani kwangu,
majirani wanadhani naotesha bangi.
Bado anatembea kama meza iliyovunjika mguu.
Asubuhi amekula nyenje mmoja.
Wa pili amemtazama tu,
akamwacha apande mgongoni.

Nimechonga penseli.
Chini ya mwandiko wako, karatasi ileile, nimeandika:
mmoja.