Kijito cha Fisimaji

Kwenye duka la dawa la Bridlington, kila mwezi,
binti wa kaunta huniuliza jina la ukoo
nami hulitoa polepole, herufi kwa herufi,
kama mtu anayeshuka ngazi na trei ya mayai.
Ottersyke. T mbili. Y, si I.
Huandika, hufuta, huandika tena,
mwishowe hunikabidhi vidonge vya Bi. Otterson,
ambaye, nasikia, naye ana presha.

Miaka thelathini na mmoja nilipeleka barua.
Watu niliwajua kwa milango yao na mbwa wao.
Akina Robinson niliwafunga kwa mpira, rundo zima;
akina Wilkinson waliniinamisha bega la kushoto.
Jina langu sikulikuta mkobani hata mara moja.

Nilipostaafu nikanunua ramani
na pakiti ya pini mia.
Zilibaki tisini na moja.

Sensa ya enzi za babu wa babu yangu
ilituhesabu hamsini na watatu, wote
ndani ya mwendo wa nusu siku wa farasi wa jembe,
huku Holderness, ambako bahari inakula mashamba.
Kisha reli. Kisha viwanda vya Hull.
Kisha vita; kwenye jiwe la ukumbusho
akina Ottersyke watano wamesimama safu,
na mchonga jiwe, peke yake duniani,
hakukosea hata herufi.

Leo sita tuko pwani hii, nami nimo.
Mmoja Leicester, mwalimu wa hesabu, hajibu barua.
Mmoja Saskatchewan, katikati ya ngano.
Mmoja Tasmania, Lindsay, anayeandika kwa I
wala haoni haya.

Maana yake si fumbo.
Kwa wazee wa kaskazini, syke ni kijito
cha kuruka kwa hatua moja, kiangazi hakipo;
na hiyo nusu ya mbele ni fisimaji,
mnyama ambaye sijamwona ila kwenye stempu.
Nilimjengea jina hili mwenyewe:
bwana mmoja wa buti nzito na ng'ombe wawili,
mwenye ukingo wake, aliyezaa, nao wakazaa,
hadi kwangu na vidonge vyangu.

Mwezi Machi Lindsay akaniletea nakala
ya daftari la ubatizo, 1743, wino rangi ya chai:
"Mtoto wa kiume, wa siku chache, ameokotwa
kando ya kijito, ndani ya kikapu cha samaki.
Wazazi hawajulikani. Ameitwa Josiah,
na kwa kuwa lazima aitwe kitu kingine, Ottersyke."

Na kwa kuwa lazima aitwe kitu kingine.
Nilisoma nimesimama. Birika lilipiga mluzi
mpaka likakauka.

Buti zile hazikuwahi kuwapo, wala ng'ombe.
Alikuwapo kasisi mwenye baridi vidoleni,
akatazama nje, akaona maji,
akachovya kalamu.

Nikapanda basi kwenda kukitazama.
Kimetiwa bombani; juu yake ni maegesho
ya duka la vigae, na mfuniko wa chuma
uliopigwa muhuri wa kampuni ya maji.
Kwa magoti haya haya nikapiga magoti.
Nikatega sikio.
Chini kule, kitu kilikuwa kinapita, kina haraka zake.

"Umedondosha kitu, mama?"
Mlinzi, kijana, daftari la matukio mkononi.
Kifuani, kibandiko: Wojciechowski.
Nikasema hapana. Akasema samahani,
lakini kila anayelala chini lazima aandikwe.
Nikamtajia jina, mara moja, bila kulikatakata,
nikasubiri afute.

Aliinua kalamu tu.
"T mbili?"